Bamvu na Ratiba: Nani Analipia Asubuhi ya Mhadhiri?

Idara moja ya sayansi katika chuo kikuu kimoja cha Unguja imepata mradi wa miaka mitatu. Fedha zinatoka Ulaya, kazi inafanyika Paje na Jambiani: kupima joto la maji, kufuatilia maradhi ya mwani na kujaribu mbegu zinazostahimili. Anayeuongoza ni mhadhiri wa idara hiyo, ambaye hapa tutamwita Dokta tu. Dokta huyohuyo ndiye anayefundisha utangulizi wa baiolojia kwa mwaka wa kwanza, darasa kubwa kuliko yote pale idarani, kila Jumanne saa nne asubuhi.

Tatizo liko kwenye saa nne hiyo. Unguja, siku za bamvu, yaani bahari inapojaa na kutoka kuliko siku nyengine, maji hujaa alfajiri na alasiri, na hutoka kabisa mnamo saa nne na saa tano asubuhi. Mwani haupimwi ila maji yakiwa yametoka, vigingi viko wazi na mtu anaweza kutembea baina ya kamba. Na kwa kuwa bamvu hurudi kila baada ya wiki mbili hivi, ikishaangukia Jumanne moja huruka wiki, ikaangukia Jumanne nyengine, na nyengine tena, hadi muhula unakaribia kwisha ndipo inapohamia siku nyengine.

Niseme mapema kwamba kisa hiki nimekiunda mwenyewe, kutokana na mambo anayoyajua yeyote aliyewahi kukaa ofisi ya idara. Hakuna Dokta mmoja wala chuo kimoja nyuma yake. Historia na sheria nitakazozitaja, hizo ni za kweli kama zilivyo.

Mradi ulivyoingia

Kwenye bajeti ya mradi kila kitu kina fungu lake. Kuna mafuta ya gari, posho ya siku za kwenda pwani, vipima joto vya kufunga kwenye kamba, dawa za maabara, wasaidizi wawili wa utafiti, mwanafunzi mmoja wa uzamivu na safari ya mkutano wa mwaka. Kuna makato ya chuo, ile asilimia inayobaki kwa utawala kwa ajili ya umeme, ofisi na hesabu. Halafu kuna mstari mmoja uliowatia watu tamaa: muda wa Dokta. Mfadhili yuko tayari kulipia saa ambazo Dokta hatakuwa darasani, ili chuo kitafute mtu wa kushika nafasi yake.

Kwa karatasi, basi, hakuna mgogoro. Anayekwenda baharini amelipiwa na anayebaki darasani amelipiwa. Ikaja kuonekana kuwa fedha hiyo ya muda haina njia ya kugeuka mtu. Inaingia akaunti kuu ya chuo baada ya ripoti kupokewa, wakati mwalimu anatakiwa wiki ya kwanza ya muhula. Kuajiri mtu wa kudumu kunataka kibali na nafasi kwenye ikama, ile orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa, na mradi wa miaka mitatu hauongezi nafasi kwenye ikama. Kuna mhadhiri wa muda, anayelipwa kwa kipindi akishawasilisha fomu zilizosainiwa. Lakini aliyewahi kungojea malipo ya namna hiyo muhula mzima hakubali kirahisi mara ya pili.

Kwa hiyo muhula ulianza Dokta akiwa na vipindi vyake vilevile, na mradi juu yake. Wiki ya tatu Mkuu wa Idara akamkuta kwenye korido.

"Dokta, Jumanne hii tena uko Paje?"

"Dada, bahari haijui muhula."

"Na mimi nina vijana wanakaa ukumbini tangu saa tatu wakiwahi viti vya mbele. Niwaambie nini?"

"Waambie nitawafidia Jumamosi, inshallah."

Na Jumamosi alifidia kweli, saa tatu mfululizo, mbele ya nusu ya darasa. Waliobaki walikuwa wamekwenda kwao shamba, na wengine wana vibarua vya hotelini mwisho wa wiki.

Kila fedha na inachokifuata

Pale chuoni husemwa kuwa Dokta anapenda utafiti kuliko kufundisha. Mimi sioni kama hapa pana suala la mapenzi. Tazama fedha zinazomfikia, na kila moja inafuata nini.

Mshahara wake unatoka kwenye ruzuku ya Serikali, nao unafuata cheo. Mkataba unasema atafundisha, atatafiti na ataihudumia jamii, lakini hati ya mshahara haisemi kipi kimelipiwa kiasi gani. Akifundisha watu thelathini au mia tatu, anapokea kilekile. Asipoandika makala hata moja mwaka mzima, anapokea kilekile. Sehemu kubwa ya ruzuku ya chuo cha umma huishia kwenye mishahara. Kinachobaki kwa matumizi mengineyo huja kwa miezi, na ikiwa pungufu hukatwa dawa za maabara na safari za wanafunzi, kwa sababu hakuna anayegoma kwa kukosa dawa ya maabara.

Ada inafuata kichwa cha mwanafunzi. Nyingi hupitia mikopo: Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliyoundwa kwa sheria ya 2004, na ile ya Zanzibar ya sheria ya 2011. Mwanafunzi anasajiliwa, jina linahakikiwa, fedha inaingia. Chuo kinachotaka kuongeza mapato yake kina njia moja ya haraka, nayo ni kuongeza vichwa, hasa kwenye fani zisizotaka maabara. Makerere walipofungua mlango kwa wanafunzi wa kujilipia mwanzoni mwa miaka ya 1990, masomo ya jioni yalienea na madarasa yakafurika. Fedha ilionekana, kweli. Na jioni za wahadhiri, ambazo zamani zilikuwa za kusoma na kuandika, zikaliwa na vipindi.

Mradi, wenyewe, unafuata mtu. Dokta akihama kesho, mradi unaweza kuhama naye. Darasa la mwaka wa kwanza litabaki palepale. Mradi unalipa kwa masurufu aliyoyachukua kabla ya safari. Kufundisha hakuna masurufu. Juu ya hayo kuna kupanda daraja: kutoka mhadhiri kwenda mhadhiri mwandamizi, na kutoka hapo kwenda profesa mshiriki, kinachotazamwa kwanza ni machapisho. Fomu za wanafunzi za kutathmini ufundishaji zipo, hujazwa na hukusanywa. Sijasikia mtu aliyekosa uprofesa kwa sababu yake.

Chuo, basi, kinaishi kwa ada, yaani kwa ufundishaji. Mhadhiri anapanda kwa machapisho, yaani kwa utafiti. Na Serikali inamlipa mtu bila kuuliza saa zake zimekwenda wapi. Hakuna aliyekaa kitako akaamua iwe hivyo. Uingereza walitenganisha: tangu 1986 kuna fedha za utafiti zinazogawiwa vyuo kwa kupima ubora wa utafiti wao, mbali na fedha za wanafunzi. Vyuo vikajifunza upesi kuwatafuta watu wa kuleta alama, na kufikia 2017 Serikali ikaona haja ya kuja na kipimo kingine, cha ufundishaji.

Nyumba mbili tangu mwanzo

Zanzibar ina sababu yake ya ziada. Huku utafiti ulitangulia, shahada zikaja baadaye, na vilikaa nyumba mbalimbali. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Unguja tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, karibu miaka ishirini kabla visiwa havijapata chuo kikuu chao. Pemba, Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri ilifunguliwa Wawi, Chake Chake, mwaka 2000 kwa msaada wa Waitaliano. Kazi zilizotoka huko si ndogo. Utafiti uliofanywa kwa watoto wa Pemba na kuchapishwa 2006 ulionesha kuwa kuwapa watoto wote madini ya chuma na asidi ya foliki bila kubagua, mahali penye malaria nyingi, kunaweza kuwaongezea hatari ya kulazwa na hata kufa. Shirika la Afya Duniani likaupitia upya ushauri wake. Kilimo cha mwani nacho, kilichoanza kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989, kilitanguliwa na miaka ya utafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na kotonii, aina mojawapo ya mwani unaolimwa, ilipoanza kufa kwa maji kupata joto, watafiti wa Taasisi ya Bahari walikuwa majini pamoja na akina mama.

Vyuo vyenyewe vilikuja kwa kufuatana. Mwaka 1998 kilianzishwa Chuo Kikuu cha Zanzibar, Tunguu, na chuo cha ualimu cha Chukwani ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait, vyote viwili vya binafsi. Kisha Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kwa sheria ya 1999, kikaanza kazi 2001. Haja ya wakati ule ilikuwa walimu wa sekondari, wahasibu, wanasheria, maafisa wa wizara. Vilizaliwa kufundisha, na bajeti zikakatwa kwa kipimo hicho. SUZA ilipokuja kuvipokea vyuo vidogo vya Serikali, vya afya, utalii, fedha, habari na kilimo, ilipokea pia wakufunzi waliozoea kazi moja, kufundisha stashahada. Mkufunzi wa namna hiyo huwezi kumwambia tu kesho alete machapisho. Ndiyo maana naipa sifa programu ya Denmark ya kuimarisha vyuo vikuu, iliyofika SUZA katika miaka ya 2010: ilisomesha watu na kujenga mifumo ya utafiti, haikuishia kwenye mradi mmoja wa mtu mmoja.

Kuna na hili. Elimu ya juu ni jambo la Muungano, kwa hiyo ubora wa vyuo unasimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Fedha za chuo cha umma cha Zanzibar zinatoka Serikali ya Mapinduzi. Mwenye kipimo ni mmoja, mwenye mkoba ni mwengine, na Mkuu wa Idara hujaza fomu za pande zote mbili.

Kilichokufa kwanza

Turudi darasani. Huulizwa sana, utafiti umekula ufundishaji kiasi gani? Kama kipimo ni vipindi, basi kidogo mno. Dokta alifidia, mitihani ikafanyika, alama zikatoka kwa wakati, na ripoti ya muhula inasema mtaala umekamilika. Kilichopotea hakina safu kwenye fomu hiyo.

Yalipotea mazoezi ya maabara. Tuseme darasa lina wanafunzi 180 na darubini zinazofanya kazi ni tano. Kuwagawa kwa vikundi kunataka mtu asimame pale alasiri kadhaa za wiki, na alasiri za Dokta sasa ni za kuingiza takwimu za joto. Zoezi likageuka maonesho: mmoja mbele anakata jani, wengine wanatazama mgongo wa aliyesimama mbele yao, na wa nyuma kabisa wanasubiri picha iletwe kwenye kundi la WhatsApp.

Ikapotea na tasnifu ya mwaka wa tatu, au tuseme ilibaki jina lake. Mwanafunzi wa sayansi asiye na nauli ya kwenda pwani wala kifaa cha kupimia huchagua mada ya dodoso: uelewa wa wauza samaki juu ya hili, mtazamo wa wakaazi juu ya lile. Dodoso ni karatasi na nauli ya daladala. Kuna vijana wenye jicho hasa la mtafiti wanaomaliza shahada wakiwa wamelitumia kuhesabu waliotia alama kwenye "nakubali sana".

Na asubuhi hiyohiyo gari la mradi, lenye viti saba, linatoka langoni kwenda Paje na watu watatu.

Kwangu mimi uchambuzi wote umo ndani ya gari hilo. Mafuta yapo, vifaa vipo, mtaalamu yupo na bahari haiko mbali. Viti vinne vitupu vinapita mbele ya wanafunzi wanaokwenda kutoa nakala za dodoso, kwa sababu mafuta yameandikwa utafiti na wanafunzi wameandikwa ufundishaji. Watu wanapozungumza juu ya mizani ya mambo haya mawili huwa kama wanadhani saa ya upande mmoja lazima iibwe upande wa pili. Saa nyingi, hasa katika sayansi za bahari na kilimo, zingeweza kutumika kotekote kama fedha zisingeletwa katika bahasha zilizogundishwa.

Walichojaribu

Kabla ya muhula wa pili Mkuu wa Idara aliitisha kikao. Wazo la kuukataa mradi halikudumu dakika tano. Chuo kinataka jina, na kinataka makato. Wazo la pili lilikuwa kumkabidhi darasa mhadhiri msaidizi, kijana aliyerudi karibuni na uzamili wake. Ndiyo desturi, na ndiyo mtego. Kijana huyo naye anatakiwa akasome uzamivu, na akishapewa darasa kubwa kuliko yote haachiwi tena. Mzee mmoja wa idara, aliyebakisha muda mfupi kustaafu, alilisema bila kuzunguka: "Mimi nilipewa darasa hilo kwa muhula mmoja tu, walisema. Wenzangu wameshakuwa maprofesa, mimi bado nasahihisha."

Wakabaki na ratiba. Bamvu zote za muhula zinajulikana kabla muhula haujaanza. Zinafuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, majedwali ya maji huchapishwa ya mwaka mzima, na ukikosa jedwali muulize mama yeyote anayelima mwani. Kilichokuwa kimekosekana ni mtu wa ofisi ya ratiba kuliangalia. Mhadhara wa mwaka wa kwanza wakauhamishia saa nane mchana. Wiki za maji mafu, bahari inapojaa na kutoka kidogo tu, Dokta asipokuwa na haja ya kwenda popote, asubuhi zikawa za maabara, kwa vikundi vidogo. Mwanafunzi wa uzamivu akapewa vikundi viwili, kwa barua ya mradi iliyokubali kuwa kufundisha kidogo ni sehemu ya mafunzo yake. Na wiki za bamvu gari likaanza kuondoka limejaa: wanafunzi wanne wa mwaka wa tatu kila safari, wafunge vipima joto, wapime, waandike, na sehemu ya takwimu hizo iwe ya tasnifu zao.

Hilo la gari lilifanikiwa kuliko walivyotarajia. Mmoja wa wanafunzi hao ni mtoto wa mkulima wa mwani. Siku ya kwanza aliinama kwenye kamba ya spinosamu, aina nyengine ya mwani, akashika tawi lililopauka karibu na ncha, akalivunja kwa vidole viwili likakatika kama halina nguvu, akasema hili limeanza kuugua tangu bamvu iliyopita, na kamba ya pili yake itafuata. Msaidizi wa utafiti alikuwa ameiandika kamba hiyo nzima kuwa ni salama. Kuanzia hapo fomu ya mradi ikaongezwa safu moja, ya rangi ya ncha, na kijana akapata tasnifu ambayo hakuna dodoso lingeweza kumpa.

Mengine yalikwenda kombo. Saa nane mchana ukumbi una joto na watu wametoka kula. Ramadhani ilipoingia, aliyekuwa na nguvu ya kuuliza swali alikuwa mhadhiri peke yake. Bima ya gari ilikuwa ya wafanyakazi wa mradi, wanafunzi hawamo, na barua ya chuo ya kuwabeba ilizunguka meza baada ya meza. Mkaguzi wa mfadhili naye akauliza kwa nini mradi umelipia chakula cha watu wanne wasiokuwemo kwenye orodha. Dokta akakirudisha kwa fedha zake mwenyewe. Mkaguzi simlaumu, anasoma kilichoandikwa. Lakini huo wali wa samaki uliolipwa mara mbili unaonesha vyema gharama ya kufundisha inapokuwa haina mwenyewe.

Idara ilidai pia sehemu ya makato ya chuo irudi kwao, kwa vitu na si kwa fedha taslimu: dawa za maabara na matengenezo ya darubini. Ofisi ya fedha ikakataa, na sababu yake ina uzito. Makato ndiyo yanayosaidia kulipa umeme wa maabara anayoitumia Dokta. Na idara zisizo na miradi zitapata nini, kila mwenye mradi akivuta chake? Bahari inapata wafadhili kwa urahisi kwa sababu joto lake linawahusu na wao. Fasihi ya Kiswahili haina mfadhili wa namna hiyo, japo mtu anayetaka kuisoma lugha hii akiwa karibu na wenyewe hupanda boti akaja Unguja. Makato yakiwa mali ya idara, idara yenye nacho itazidi kuwa nacho.

Nusu ya hoja hiyo naikubali kabisa. Nusu inayobaki ni kwamba makato yakizama kwenye akaunti kuu bila mtu kuona yalipoibukia, wahadhiri hawatayatetea. Watachukua kazi za ushauri wa kitaalamu za kulipwa moja kwa moja, nje ya vitabu vya chuo, na hizo hazitoi makato, machapisho wala kiti cha mwanafunzi kwenye gari. Ni afadhali chuo kitangaze kila mwaka makato yamenunua nini, hata kama orodha ni fupi na ya aibu.

Mradi sasa uko mwaka wake wa mwisho na ombi la awamu ya pili linaandikwa. Safari hii idara imetia kifungu tangu rasimu ya kwanza: kila safari ya pwani iwe na viti vya wanafunzi, na bima, chakula na nauli zao ziwemo kwenye bajeti. Mfadhili hakuwa na neno. Rasimu ilirudishwa na ofisi ya fedha ya chuo ikiwa na swali: viti hivyo viingizwe kasma, yaani fungu la bajeti, ya utafiti au ya ufundishaji, maana mfumo wa malipo haukubali safari moja iwe na kasma mbili? Mkuu wa Idara amejibu viingizwe kasma ya utafiti, na ameambatanisha tarehe za bamvu za muhula ujao ili masurufu yatoke mapema.